Mgeni wa Siku Moja Aambiwe Nini?

Na Mwanachama wa Kidato cha Tatu

Wahenga walinena kwamba mgeni njoo mwenyeji apone. Methali hii tumezoea kuitia katika insha zetu bila kuifikiria sana, mradi mwalimu aone tunajua methali. Leo naomba tuifikirie. Mgeni akija, mwenyeji hupona nini hasa? Hupona njaa tu kwa sababu ya shilingi anazoachiwa, ama kuna jambo lingine? Maoni yangu ni kwamba mwenyeji hupona pale anapomweleza mgeni habari za kweli za kwao, kwa maana ili amweleze, sharti azijue yeye kwanza. Hilo ndilo nitakalolitetea hapa, na ninajua fika kwamba si wote watakaokubaliana nami.

Wasomaji wapendwa, nitaanza na Mombasa kisha nirudi Nanyuki. Huenda mtu akauliza, "Sisi tunaoamka kila asubuhi tukiutazama Mlima Kenya, habari za meli zinatuhusu nini?" Swali ni zuri. Kutoka hapa hadi Mombasa ni mwendo wa kilomita kama 680, na wengi wetu bahari tumeiona vitabuni na kwenye televisheni tu. Lakini miji hii miwili ni ndugu katika jambo moja: yote hupokea wageni wasiokaa. Wa Mombasa hushuka melini asubuhi na kurudi jioni. Wa Nanyuki husimamisha gari pale Ikweta, wakapiga picha, wakanunua kinyago, kisha hao! Wameshika njia ya mlimani ama ya Ol Pejeta. Swali langu ni moja kwa miji yote miwili: mgeni wa siku moja aambiwe nini, na nani amwambie?

Kwa wasiojua, meli ya watalii ni kama hoteli inayoelea. Hubeba mamia ya abiria, na nyingine maelfu, na hufunga gati Kilindini, bandari ileile inayoshusha ngano na magari. Nahodha hutangaza saa ya kuondoka, na kuanzia hapo abiria ana saa nane au tisa za kuujua mji wenye umri wa karne nyingi. Wengi hununua safari iliyoandaliwa na meli yenyewe, wakapakiwa ndani ya mabasi. Baadhi yao hupelekwa mpaka Tsavo kuona ndovu, wakarudi melini pasipo kuuona mji. Wengine, hasa wasiopenda kufuatana nyuma ya kibendera kama kondoo, huwa wamepatana mapema na mwongozaji wao binafsi. Huyo huwangoja akiwa na gari na karatasi yenye majina yao, na siku hiyo yote huwa ni yao peke yao.

Kazi ya mwongozaji huyu si mchezo. Aliyetoka na basi la meli akichelewa, kwa kawaida meli humngoja. Aliyetoka na mtu wake binafsi akichelewa, meli hung'oa nanga ikamwacha. Kwa hivyo mwongozaji hukaa jicho moja kwa mgeni na jingine kwa saa. Aidha, kazi hii haifanywi kiholela. Sheria ya Utalii ya mwaka 2011 iliunda mamlaka ya kusimamia utalii, na anayeongoza watalii lazima awe na leseni. Basi hii ni kazi kamili kama ualimu ama uuguzi, wala si uzururaji kama wanavyodhani baadhi ya wazazi wetu.

Njia yenyewe haibadiliki sana. Kwanza wageni hupitishwa chini ya zile pembe kubwa za ndovu katika barabara ya Moi Avenue, zilizowekwa enzi za ukoloni kwa heshima ya ukoo wa kifalme wa Uingereza. Kisha huenda Ngome ya Yesu, yaani Fort Jesus, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 wakaimaliza 1596 kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Tangu mwaka 2011 ngome hiyo imo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Kutoka hapo huingia Mji wa Kale kwa miguu. Huko kuna barabara ya Ndia Kuu, milango ya nakshi, roshani za mbao, Msikiti wa Mandhry unaosemekana kujengwa mwaka 1570, na Bandari ya Kale ambako majahazi yalikuwa yakitia nanga. Mwisho ni sokoni Marikiti kununua viungo, halafu kurudi melini kabla jua halijatua.

Hapo ndipo ubishi wangu unapoanzia. Tazameni jinsi hadithi ya Mombasa inavyosimuliwa mara nyingi, hata katika madaftari yetu ya historia. Vasco da Gama alifika 1498. Wareno wakajenga ngome 1593. Waomani wakaiteka 1698. Waingereza wakaigeuza kuwa gereza kuanzia 1895, na ikabaki gereza hadi 1958. Mmeona? Ni orodha ya wageni mtindo mmoja! Mwenyeji yuko wapi? Jameni, ni kama kusimulia habari za nyumba kwa kuwataja wezi walioingia, bila kumtaja hata mara moja mwenye nyumba.

Mwaka jana shule yetu ilizuru Mombasa. Tulikuwa wanafunzi 44 na walimu wawili. Pale ngomeni tulitembea kwa dakika kama 40 hivi, kwani basi lilikuwa linatungoja kutupeleka ufuoni na kila mtu alikuwa na hamu ya maji ya chumvi. Karibu na ukuta wenye michoro ya meli iliyochorwa na Wareno, walikuwa wameketi wazee wawili wa Kizungu, mume na mke, walioshuka kutoka melini. Mwongozaji wao alikuwa mzee wa makamo aliyevaa kofia ya kiua. Mimi nilibaki nyuma kidogo nikasikiliza.

Alikuwa anawasimulia juu ya ule mzingiro ulioanza Machi 1696 hadi Desemba 1698, karibu miaka mitatu. Nilidhani nitasikia tu Wareno na Waomani. Lakini yule mzee aliwaambia kwamba ndani ya ngome mlikuwa pia na Waswahili, wanaume na wanawake, na kwamba maradhi yaliua watu kuliko mizinga. Mwaka 1697 Wareno walipokuwa wamekwisha karibu wote, aliyeongoza ulinzi wa ngome alikuwa Bwana Daudi wa Faza, mwenyeji wa pwani hii hii. Kisha akawaonyesha upande wa bahari ambako merikebu ya Wareno, Santo António de Tanná, ilizama mwaka huo huo wa 1697. Mama yule Mzungu aliuliza maswali manne. Mzee akayajibu yote bila haraka, akaangalia saa, akasema, "Sasa twende mtaani mkaone watu."

Waliondoka. Na sisi tuliondoka, kwenda kuogelea.

Ndani ya basi nilipiga hesabu ambayo haikunifurahisha. Wageni wawili wa siku moja, ambao pengine hawatarudi Kenya tena maishani mwao, walitoka pale wakimjua Bwana Daudi. Wakenya 44 wanaosoma historia na Kiswahili walitoka wakijua bei ya barafu. Sisemi haya kumdharau mwalimu yeyote, maana walimu wetu walihangaika sana mpaka safari ile ikapatikana. Nasema tu kwamba tofauti kati yetu na wale wazee haikuwa akili wala elimu. Ilikuwa kwamba wao walipata mwenyeji wa kuwaambia, nasi hatukumpata.

Tena sisi wanachama wa Chama cha Kiswahili tulikuwa na sababu zaidi ya kuuliza. Mombasa ndiko alikoishi Muyaka bin Haji, yule malenga aliyefariki mwaka 1840, ambaye mashairi yake mwalimu hututajia kila tunapojifunza vina na mizani. Aliuona utawala wa Mazrui ukianguka mwaka 1837, na alitunga juu ya siasa za mji wake mpaka watu wakayahifadhi kichwani. Mombasa ndiko walikozaliwa Ahmad Nassir Juma Bhalo na Abdilatif Abdalla. Tena ni mjini humo humo, mwaka 1928, ulikofanyika mkutano uliochagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Kimvita, lahaja ya wenyewe Mombasa, kikaachwa nje. Fikirini! Hukumu ya lugha ilitolewa nyumbani kwa aliyeshindwa. Kila alama nyekundu tunayopigwa katika sarufi ina mizizi katika mkutano ule.

Ng'ambo ya kisiwa, ukivuka daraja la Nyali, kuna Freretown, makao yaliyoanzishwa mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa kutoka utumwani. Kengele yao ipo mpaka leo, na mahali pale makanga wa matatu hupaita Kengeleni. Wangapi hushuka Kengeleni kila siku bila kujua kengele ile iliwalilia akina nani? Hayo yote ni habari za wenyeji. Mwongozaji anayeyajua anaweza kuyasema kati ya kikombe kimoja cha kahawa chungu na kingine, na mgeni wake asichelewe meli.

Sasa turudi nyumbani. Hapa ndipo nitakapopata maadui.

Sote tunajua kinachofanyika pale Ikweta. Kijana huchukua beseni lenye tundu katikati, akatia maji na vijiti vya kiberiti. Huenda hatua chache upande wa kaskazini, na maji yakazunguka upande mmoja. Huenda hatua chache upande wa kusini, na maji yakazunguka upande wa pili. Akisimama juu ya mstari wenyewe, maji hushuka wima bila kuzunguka. Wageni hupiga makofi, hununua cheti cha kuvuka Ikweta, huondoka. Mjomba wangu anauza vinyago hatua chache kutoka hapo, na karo yangu ya muhula wa kwanza ilitoka katika meza ile. Kwa hivyo sisemi kama mtu wa mbali.

Lakini fizikia ni fizikia. Ni kweli kwamba mzunguko wa dunia hupinda njia ya pepo na mikondo ya bahari, kaskazini upande mmoja na kusini upande mwingine. Nguvu hiyo lakini huzidi kupungua kadiri unavyokaribia Ikweta, na juu ya mstari huwa sifuri. Katika beseni dogo, umbali wa hatua 20, haiwezi kuzungusha hata kijiti. Kinachoyazungusha maji ni jinsi mwenye beseni anavyoyamimina na anavyogeuka. Ni kiini macho, tena kizuri. Ubaya ni kukiita sayansi mbele ya mtu aliyetoka ng'ambo akatuamini.

Na upande wa historia pia sisi ni kama Mombasa tu. Mgeni akiuliza habari za Nanyuki, ataambiwa walowezi walikuja, reli ikafika mwanzoni mwa miaka ya 1930, mwigizaji wa sinema William Holden akaanzisha klabu yake chini ya mlima mwaka 1959, na wanajeshi wa Uingereza hufanya mazoezi hapa. Si uongo. Ila ni ile orodha ya wageni tena! Nani atamwambia kwamba jina la mji, kama wanavyosema wengi, limetokana na neno la Kimaasai la wekundu? Nani atamwambia kwamba kwa mkataba wa 1911 Wamaasai walihamishwa kutoka Laikipia kupelekwa kusini, na kwamba mwaka 1913 walikwenda mpaka kortini kuupinga, wakashindwa? Nani atamwonyesha msitu wa mlima na kumtajia Waruhiu Itote, yaani Jenerali China, aliyewaongoza wapiganaji wa Mau Mau wa Mlima Kenya hadi alipokamatwa Januari 1954? Hata vilele tunavyovitazama tukiwa paredi, Batian wenye mita 5,199, Nelion na Lenana, vina majina yaliyotokana na viongozi wa Kimaasai. Mara ngapi umemsikia mtu akilisema hilo pale penye ubao wa Ikweta?

Wapinzani wangu wana hoja tatu, nami nitazijibu moja baada ya nyingine.

Wa kwanza husema, "Mtalii amekuja kustarehe, hakuja darasani. Ukimweleza habari za korti na vita utamfukuza." Nakubali kwamba mgeni hapendi kuhubiriwa. Lakini yule mzee wa Mombasa hakuhubiri. Alisimulia, na kusimulia ni starehe tangu enzi za nyanya zetu. Hata yule kijana wa beseni hana haja ya kulitupa beseni lake. Afanye mchezo, watu wacheke, kisha aseme, "Haya, sasa niwaonyeshe jinsi nilivyowachezea," halafu aeleze sayansi yenyewe. Naamini atapata bakshishi mara mbili, moja ya mchezo na ya pili ya ukweli.

Wa pili husema, "Siku moja haitoshi kumfunza mtu mji." Ni kweli, haitoshi. Hata miaka 16 niliyoishi Nanyuki haijatosha. Lakini haba na haba hujaza kibaba. Mgeni mwenye siku moja ndiye hasa anayehitaji kuambiwa la maana, kwani hana siku ya pili ya kusahihisha aliloambiwa kombo. Atakalobeba ndilo atakalolisimulia kwao miaka yote.

Wa tatu, na huyu ndiye anayenipa taabu zaidi, husema, "Utalii ni mali ya matajiri. Makampuni na mahoteli hula nyama, mwananchi huachiwa mifupa." Siwezi kusema ni uongo, kwa maana nimeiona meza ya mjomba wangu siku ambazo mabasi yamepita bila kusimama. Lakini ndiyo sababu naupenda mfano wa mwongozaji binafsi. Yeye hulipwa na mgeni mkono kwa mkono. Bidhaa yake haiozi, haihitaji duka wala kodi ya chumba, na hakuna anayeweza kumnyang'anya. Mtaji wake ni ulimi na yale anayoyajua. Sisi wa shule ya kutwa, ambao wengi wetu hatuna wazazi wa kutufungulia biashara, mtaji gani mwingine tunaoweza kuupata bila mkopo wa benki?

Kwa hivyo basi, natoa mapendekezo matatu kwa walimu wetu na kwa wanachama wenzangu.

Kwanza, safari ijayo ya Mombasa iwe na nusu siku nzima katika Ngome na Mji wa Kale, tukiwa na mwongozaji mwenye leseni aliyezaliwa mtaani humo, hata kama ni lazima kila mmoja wetu aongeze shilingi kidogo. Ufuo tupewe saa moja. Najua pendekezo hili halitapigiwa makofi katika bweni la... samahani, hatuna bweni. Halitapigiwa makofi katika foleni ya chakula cha mchana.

Pili, kila mwanachama wa Chama cha Kiswahili achague jambo moja la Nanyuki na kulichunguza mpaka aweze kulisimulia kwa dakika tano kwa Kiswahili fasaha. Mmoja achukue stesheni ya reli, mmoja soko, mmoja mto, mmoja yule faru Sudan aliyefia Ol Pejeta Machi 2018 akiwa dume wa mwisho wa faru weupe wa kaskazini. Walimu wa historia, jiografia na fizikia watusahihishe kabla hatujafungua mdomo. Tuwaulize wazee pia, Wakikuyu, Wameru, Wamaasai, Wasamburu, Waturkana, Wasomali na Wahindi, kwa sababu mji huu hauna mwenye hadithi mmoja.

Tatu, wageni wetu wa kwanza wasiwe Wazungu. Wawe wadogo zetu wa shule za msingi zilizo karibu. Tuwatembeze mjini Jumamosi moja kila muhula, bila malipo. Mtoto aliyetembezwa katika mji wake na kuambiwa ukweli hatakubali akiwa mkubwa kuusimulia mji huo kwa uongo.

Wako watakaosema kwamba haya ni maneno ya mtoto wa Kidato cha Tatu asiyejua ulimwengu. Sawa. Lakini mkataa kwao ni mtumwa, na asiyejua kwao tumwiteje? Tukingoja watu kutoka mbali waje na vitabu vyao watueleze mlima wetu una majina ya nani, tusishangae siku mgeni wa siku moja atakapotushinda kwa habari za nyumbani kwetu.

Mjomba nimemsomea makala haya kabla sijayaleta kwa mhariri. Alikaa kimya kidogo, kisha akaniuliza, "Huyo Batian alikuwa nani hasa?" Nikamweleza kwamba alikuwa laiboni mkuu wa Wamaasai. Tangu wiki hiyo huwaambia wateja wake anapowafungia vinyago katika gazeti. Wanaonipinga nawaomba waandike pia, wabandike kwenye ubao wa chama. Nitawajibu.